Taa Nyekundu ya Yahya Mbonde

Yahya Mbonde hakupenda kuitwa fundi. Aliyemwita hivyo alijibiwa, "Mimi dereva. Fundi yuko Lindi." Lakini Lindi ilikuwa mbali na kijiji chetu cha Namatungo, na mvua zikinyesha barabara ya Kiswere haikupitika, kwa hiyo kila kilichoharibika kwenye Land Rover ya kijiji kilitengenezwa na yeye mwenyewe, ndani ya banda la makuti lililoegemea ghala la korosho.

Yeye na gari hilo walizoeana kabla kijiji hakijakuwapo. Lilinunuliwa jipya na Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge, miaka michache kabla ya Uhuru, na Yahya alifika hapo akiwa tanboi wa lori, kijana wa Kimatumbi aliyejua kuweka jiwe nyuma ya tairi na si zaidi ya hapo. Mgiriki alikuwa mkali na mvivu kwa pamoja, na vyote viwili vilimfaa Yahya. Ukali ulimfundisha kurudisha kila spana mahali pake, uvivu ukamwachia usukani. Shamba lilipochukuliwa na Serikali Mgiriki aliondoka, gari likabaki, na Yahya akabaki nalo. Ilipokuja operesheni ya kuhamia vijijini, gari lile lilibeba familia na vyungu vyao na kuku wao, likarudi kubeba wengine, na mwishowe likakabidhiwa kijiji pamoja na dereva wake, kama jembe linavyouzwa na mpini.

Alikuwa mtu wa utaratibu. Alichokifungua alikipanga juu ya gunia kwa mfuatano wa kufunguliwa kwake, cha kwanza kushoto, cha mwisho kulia, na wakati wa kufunga alianzia kulia. Kila waya ulirudi kwenye skrubu yake na kila skrubu kwenye tundu lake. Jembe hakulijua. Wenzake walipokuwa wakipanda mikorosho yeye alikuwa barabarani, na shamba la nyumba yao lililimwa na mkewe Ziada, ambaye hakuacha kulitaja jambo hilo. "Baba Kudra akilima," alikuwa akiwaambia wanawake wenzake kisimani, "magugu yanacheka."

Hivyo maneno aliyoambiwa na Mwenyekiti, mwezi wa nane mwaka 1976, yalimpata penyewe.

Yalianza na safari ya Lindi. Mwezi uliotangulia Yahya alikuwa Likawage kwenye msiba, na sherehe za Saba Saba zilifanyika bila yeye. Aliporudi alikuta gari lake linang'aa. Lilikuwa limesuguliwa, limepigwa rangi matairini, na boneti ilifungwa kwa kamba mpya ya katani. Aliuliza nani amefungua boneti.

"Kijiji," alijibiwa na Mwenyekiti Ahmadi Nampota, aliyekuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa. "Gari la kijiji limefunguliwa na kijiji. Kuna kosa?"

Yahya alisema hakuna. Alipima mafuta ya injini na maji, akaona sawa. Wiki iliyofuata akamchukua Mwenyekiti kwenda kwenye mkutano Lindi mjini.

Kwenye dashibodi ya gari lile kulikuwa na taa ndogo nyekundu. Ukifungua swichi inawaka. Injini ikishika na dainamo ikianza kutoa umeme, inazimika. Ikibaki inawaka, maana yake betri inatumika bila kurudishiwa kitu, kama mtungi unaochotwa na hakuna anayekwenda kisimani. Siku hiyo taa haikuzimika. Walipokuwa wanarudi jioni, wameshapita Mchinga, Mwenyekiti aliinama akaitazama.

"Hiyo taa imewaka tangu tulipotoka."

"Naiona, Ndugu Mwenyekiti."

"Unaiona tu?"

"Naiona, na nikizima injini ili nitazame, haitawaka tena. Bora twende."

Walikwenda, lakini si mbali. Kabla hawajafika Mbwemkuru taa kubwa zilififia zikawa kama ndizi mbivu, injini ikakohoa, ikanyamaza. Yahya alizungusha hendeli ya kuwashia mpaka mabega yakamlegea. Hapakuwa na cheche hata moja. Mwisho likapita lori la chumvi, na Mwenyekiti wa kijiji, ndani ya shati lake la mkutano, akapanda juu ya magunia. Alifika Namatungo asubuhi watu wakiwa wanakwenda mashambani, naye ameketi huko juu, mweupe kwa chumvi kuanzia kiunoni kushuka chini. Hakuna aliyecheka mbele yake. Nyuma yake kijiji kizima kilicheka mpaka saa sita.

Siku gari lilipovutwa kurudi kijijini, Mwenyekiti alimwita Yahya ofisini.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Keti. Ijumaa ya wiki ijayo anakuja Ndugu Sebastiani, afisa wa usafirishaji. Anakagua magari yote ya vijiji. Gari lisilojiwasha lenyewe analikokota, linakwenda kuwa vipuri. Umenisikia?"

"Nimesikia. Na mimi?"

"Wewe utaingia shamba la pamoja, kundi la kupalilia mikorosho." Akafungua faili lake, maana yake mazungumzo yamekwisha. "Jembe halina betri, Ndugu Yahya."

Yahya alitoka akiwa ameumwa na maneno hayo kuliko vile Mwenyekiti alivyokusudia. Alikuwa na zaidi ya miaka arobaini. Aliwaza atakavyosimama kwenye mstari wa wapaliliaji, vijana wakimtangulia, na magugu yanacheka.

Alianza na lililo rahisi. Alibonyeza fenibelti kwa kidole gumba, ilikaza vizuri. Akaipeleka betri Lindi kwa basi ikachajiwe. Ikarudi ina nguvu, gari likaguruma kwa mguso mmoja, na Yahya akatazama dashibodi. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Alikanyaga mafuta kidogo. Badala ya kufifia, taa ilizidi kung'aa. Aliachia, ikapungua. Akakanyaga tena, ikawa nyekundu kama jicho la mtu aliyekesha ngomani.

"Sasa wewe unataka nini?" aliliuliza gari.

Alishusha dainamo. Aliifungua juu ya gunia, akatazama kaboni zake mbili zinazosugua shaba ya katikati. Zilikuwa bado ndefu. Shaba aliisafisha kwa kipande cha msasa uliochakaa, akapuliza vumbi, akafunga, akairudisha. Taa ikawaka. Akashusha tena. Safari hii alitaka kujua kama dainamo inatoa umeme kweli. Aliirudisha bila nyaya zake, akaunganisha vichwa vyake viwili kwa kipande cha waya, akachukua balbu, ncha moja akaigusisha hapo na nyingine kwenye mwili wa dainamo, injini ikizunguka polepole. Balbu ikawaka nyeupe kabisa. Dainamo ilikuwa nzima.

Kilichobaki ni katauti. Hiki ni kisanduku cheusi kinachofungwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Kazi yake ni kuupokea umeme wa dainamo, kuupima, na kuufungulia mlango wa kwenda kwenye betri. Ndani yake kuna vijisahani vidogo vinavyogusana na kuachana. Yahya alikifungua kisanduku skrubu moja moja, akaisafisha ile sahani ya mlango. Nyaya zake zilikuwa ndefu kiasi cha kumruhusu akilaze juu ya injini akitazame kikifanya kazi. Ni ule waya mfupi mweusi tu, unaokiunganisha kisanduku na bodi ya gari, ambao haukufika. Badala yake aliweka waya wake mwenyewe na kuubana kwenye injini. Akawasha.

Sahani zikagusana, tik. Taa nyekundu ikazimika.

Yahya hakufurahi mara moja. Alizima, akawasha tena. Ikazimika tena. Alimwita Ziada aje aone, na Ziada akaja na unga mikononi, akatazama, akasema "Haya," akarudi jikoni. Basi Yahya akatoa waya wake, akarudisha ule mfupi mweusi mahali pake, akafunga kisanduku ukutani kama alivyofundishwa, kila skrubu kwenye tundu lake. Akawasha.

Taa ilikuwa inawaka.

Siku ile na iliyofuata alikishusha na kukipandisha kisanduku kile mara asizotaka kuzihesabu. Kikiwa juu ya injini, kinafanya kazi. Kikifungwa, kinakataa. Alidhani kinakataa kusimama wima, akakishika wima kwa mkono, kikafanya kazi. Alidhani skrubu zinakibana, akazilegeza, kikakataa. Akadhani ni mtikisiko, akakikalisha juu ya kitambaa, kikafanya kazi, akakifunga pamoja na kitambaa, kikakataa.

Salumu, fundi wa mashua, alikuwa akipita hapo kila siku akitoka pwani na tezo begani. Alikuwa binamu yake Yahya kwa upande wa mama, na kwa hiyo mtani wake. Kwao binamu haombi radhi kwa binamu, na matusi baina yao ni salamu. Katika msiba wa mama yake Yahya, Salumu alilala ndani ya kaburi lililochimbwa akakataa kutoka mpaka apewe jogoo, na Yahya alitoa jogoo huku analia na kucheka.

"Mtani," alisema Salumu, akiegemea nguzo ya banda, "gari lako lina haya. Ukiliacha wazi linakubali, ukilivalisha linakataa."

"Nenda kazini kwako."

"Natoka kazini. Mimi nikimaliza kitu kinaelea."

"Ngalawa yako ya mwaka jana ilizama ikiwa imefungwa gatini."

"Ilizama, lakini haikumpandisha Mwenyekiti juu ya chumvi."

Siku nyingine Yahya angejibu. Siku hiyo alichukua spana akaitupa, si kwa Salumu, bali nje, upande wa vichaka. Ilitua mbali. Yahya akatoka kwenda kuitafuta, na alipoipata ilimbidi arudi nayo mkononi mbele ya mtani wake, jambo ambalo lilimwongezea hasira.

"Wananikokotea gari Ijumaa," alisema, bila kumtazama.

"Najua. Kijiji kizima kinajua."

"Basi kama unajua, usinichekeshe."

Salumu alipangusa tezo lake kwenye suruali, akaondoka bila kusema neno. Kwa mtani hilo lilikuwa jambo kubwa.

Alhamisi mchana Yahya aliingia nyumbani kula. Ziada alikuwa amepika ugali wa muhogo na mchuzi wa kisamvu. Yahya alinawa, akamega tonge, akaliacha. Akamega tena kwa vidole vingine, akaliacha tena.

"Chakula kina nini?" aliuliza Ziada.

"Hakina kitu. Vidole vinauma."

"Lete." Aliushika mkono wake akaugeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi, ngozi imeinuka malengelenge, na kidole gumba kilikuwa kimeanza kubanduka kama ganda la kitunguu. "Umebangua korosho za nani?"

"Korosho gani mwezi wa nane?"

"Ndiyo ninakuuliza."

"Ni grisi. Na maji ya betri, yale yana asidi."

"Asidi inatoboa nguo, na shati lako halina tundu." Aliunusa mkono, akaurudisha kwa mwenyewe kama mtu anayerudisha bidhaa dukani. "Baba Kudra, mimi nimebangua korosho tangu sijavunja ungo. Haya ni mafuta ya ganda la korosho, ndiyo yanayobabua ngozi hivi. Unanificha nini?"

Yahya alinusa mwenyewe. Chini ya grisi na petroli kulikuwa na harufu kali, nzito, ya moshi wa kikaango, harufu ambayo kila mtu wa upande huu anaijua tangu utotoni. Aliacha ugali. Alikwenda bandani akaweka kiganja kwenye ule ukuta wa chuma nyuma ya injini, pale kisanduku kinapofungwa. Siku zote hizi alikuwa ameuona weusi wake akadhani ni uchafu wa mafuta ya injini. Sasa, kwa kuwa injini ilikuwa bado ya moto, weusi ule ulinata kidogo. Uliuvaa ukuta mzima sawasawa, laini, umekauka kama lami.

Aliyepaka mafuta hayo kijijini, kwenye mashua zake, alikuwa mmoja tu. Alimkuta Salumu uani kwake, anachonga mbao.

"Mtani. Siku ya Saba Saba, ni nani alipaka ndani ya boneti?"

Salumu aliinua uso, akatabasamu. "Umeona sasa? Nikasema mtu huyu hana shukrani, mwezi mzima hajasema kitu."

"Ulipaka nini?"

"Mafuta ya maganda. Nilikaanga mwenyewe, debe zima. Mwenyekiti alisema gari linaliwa na kutu ya bahari, nikasema kutu tu? Mchwa hali, maji hayapiti, funza wa baharini hagusi, hiyo kutu itapita wapi?"

"Ukapaka kila mahali."

"Kila mahali. Tulifungua kila kilichofungika, tukapaka, tukaacha kikauke, tukarudisha. Mimi sijengi mashua nusu."

"Na chini ya skrubu?"

"Hasa chini ya skrubu! Mashua hufia kwenye misumari, mtani. Maji huanzia hapo."

Yahya aliketi juu ya gogo. Alikuwa na maneno mengi, na alijua kwamba kwa utani wao hakuna hata moja ambalo lingehesabiwa kuwa hasira ya kweli. Alijaribu kueleza.

"Umeme unaokwenda kwa waya lazima urudi. Unarudi kwa kupitia chuma cha gari. Kisanduku kile kina waya mfupi mweusi unaofungwa kwenye bodi, hapo ndipo kinapopata njia ya kurudi. Umepaka mafuta pale, yamekauka, umeziba njia."

"Unakwenda kwa waya, unarudi kwa bodi."

"Ndiyo."

"Kwa nini usirudi kwa waya kama ulivyokwenda?"

"Ndivyo walivyolitengeneza."

"Basi walifanya uvivu," alisema Salumu, akarudi kwenye mbao zake. "Laumu waliotengeneza."

Yahya alirudi bandani na kisu. Alifungua ile skrubu ndogo ya waya mweusi, akakwangua. Mafuta yalitoka kwa vipande vya kung'aa kama ganda la mende. Alikwangua na tundu lenyewe, akazungusha msasa ndani, akasafisha jicho la waya pande zote mbili mpaka chuma kikawa cheupe. Alipokuwa anafunga, vidole vilimwasha mpaka machozi yakamtoka. Sasa alielewa kwa nini kisanduku kilikubali juu ya injini. Pale alitumia waya wake mwenyewe, uliobanwa kwenye chuma kitupu. Kila alipokifunga vizuri, kwa utaratibu wake, kila waya mahali pake, alikuwa anakirudisha kwenye mafuta ya Salumu. Laiti angekuwa fundi mzembe wa kuacha nyaya zikining'inia, gari lingekuwa limepona tangu siku ya kwanza. Wazo hilo lilimkera kuliko malengelenge.

Alizungusha hendeli. Injini ikashika kwa shida, maana betri ilikuwa karibu imekwisha tena. Taa nyekundu ikafifia, ikazimika, na alipokanyaga mafuta ikabaki imezimika.

Hapakuwa na wakati wa kukaa kuitazama. Betri haikuwa na nguvu ya kugeuza stata, na kesho Ndugu Sebastiani angetaka gari lijiwashe lenyewe. Injini ilipaswa kuunguruma muda mrefu ili betri ishibe, na petroli ya kijiji ilikuwa imefungiwa stoo, ufunguo uko kwa Mwenyekiti.

"Unataka petroli ya kwenda wapi?" aliuliza Mwenyekiti Ahmadi.

"Siendi popote. Nataka liungurume pale pale."

"Mafuta yanapatikana kwa kibali, Ndugu Yahya, na wewe unataka kuyachoma bila safari?"

"Taa imezimika. Gari limepona. Betri tu haijajaa."

"Kama limepona halihitaji mafuta ya dawa. Kama halijapona, mafuta yatapotea bure."

Hakupewa. Alitumia kilichokuwamo tangini, injini ikienda kwa mwendo mdogo kabisa, yeye amesimama kando na sikio lake kwenye boneti mpaka ikaanza kupiga mwayo kwa njaa. Ndipo akazima. Hakuthubutu kujaribu stata, asije akaichota ile betri aliyoijaza kwa kijiko.

Ndugu Sebastiani alifika Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri, ndani ya lori lenye mnyororo wa kukokotea. Alikuwa mtu mrefu, mchovu, mwenye macho mekundu ya vumbi; tayari nyuma ya lori kulikuwa na trekta moja la kijiji kingine, limefungwa kama mbuzi wa sadaka. Hakukubali chai. Watu walikuwa wametoka msikitini na wakabaki pale, wanaume mbele, wanawake kwenye baraza la ghala. Ziada alikuwa miongoni mwao, mikono kifuani.

"Dereva ni nani?"

"Mimi, Ndugu."

"Liwashe. Bila hendeli, bila kusukuma."

Yahya alipanda. Alifungua swichi, taa nyekundu ikawaka, na akavuta kishikio cha stata. Stata ikageuka mara moja, polepole, kama mzee anayegeuka kitandani. Ikasimama. Nyuma yake alisikia Mwenyekiti akikohoa. Alisubiri, akavuta choki, akajaribu tena. Ikageuka, ikageuka, injini ikashika.

Taa nyekundu ikazimika.

Ndugu Sebastiani alichungulia dashibodi. "Washa taa kubwa. Kanyaga mafuta." Yahya akakanyaga, taa kubwa zikapata nguvu, nyekundu ikabaki imezimika. Afisa alizunguka gari, akapiga tairi teke, akafungua boneti, akapitisha kidole kwenye ukuta ule mweusi.

"Hili la mwaka gani?"

"La zamani, Ndugu. Kabla ya Uhuru."

"Na halina kutu." Alishangaa kwa sauti. "Magari ya juzi huko Masoko yameoza sakafu. Linabaki hapa. Na dereva abaki nalo."

Yahya alizima injini. Alitaka kushuka, aende nyumbani, atie vidole kwenye mafuta ya nazi, alale.

Lakini Mwenyekiti Ahmadi alikuwa amekwisha panda juu ya jiwe la mlangoni mwa ghala. Aliposikia neno kutu sauti yake ilipanda pamoja naye.

"Ndugu wananchi! Mmesikia wenyewe. Gari hili halina kutu. Kwa nini? Si kwa rangi ya kununua Ulaya. Ni kwa mafuta ya korosho zetu wenyewe, yaliyokaangwa na fundi wetu mwenyewe, Ndugu Salumu. Huko ndiko kujitegemea!"

Watu wakapiga makofi. Salumu akainua mkono kama bwana harusi.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema Yahya kutoka kwenye usukani, "mafuta hayo ndiyo yaliyo..."

"Ngoja, Ndugu Yahya, usimnyime mwenzio sifa. Na kwa sababu hiyo naagiza: wiki ijayo gari lifunguliwe tena, lipakwe upya, juu na chini, ndani na nje, pasibaki mahali!"

Makofi yakazidi. Ndugu Sebastiani alikuwa anauliza kama anaweza kupata chupa moja. Yahya alimtazama Ziada kwenye baraza, na Ziada alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika.

Yahya alishuka. Alipita katikati ya watu bila kuaga, akavuka njia, akaingia uani kwa Salumu ambako debe la mafuta lilisimama chini ya mbao, limefunikwa kwa gunia. Alilibeba. Lilikuwa zito na likamwagikia suruali. Alirudi nalo mbele ya kijiji kizima, akaliingiza nyuma ya gari.

"Mtani!" Salumu alipaza sauti. "Hilo debe langu!"

"Lilikuwa lako."

"Mwenyekiti, unaona? Mtu ananiibia mchana!"

Mwenyekiti alianza kushuka jiweni. Kila aliyekuwapo alijua desturi: mtani akikichukua cha mtani wake mbele ya watu, hakuna wa kuamua. Wanawake wakapiga vigelegele. Salumu mwenyewe alikuwa anacheka huku anatukana.

"Rudisha hata nusu! Nina mashua ya watu!"

"Kakaange nyingine," alisema Yahya. "Korosho zinaanza mwezi wa kumi."

Ndugu Sebastiani, ambaye alikuwa mtu wa bara na hakujua habari hizo, aliuliza kama dereva huyu ni mgonjwa. Akaambiwa hapana, ni ndugu.

Yahya hakucheka. Aliwasha gari, betri ikakubali kwa shingo upande, akaendesha hatua zile chache mpaka nyumbani kwake, kwa petroli ambayo hakujua kama ipo. Mafuta yote ya debe lile aliyapaka kwenye nguzo za choo, kwa brashi yenye mpini mrefu, mkono wake umefungwa mfuko. Mchwa hawakuzigusa nguzo zile kwa miaka mingi. Kuhusu gari, kila Mwenyekiti alipomkumbusha lile agizo la kupaka, alijibu kwamba anasubiri mafuta.